Mashua ya Kocha: shajara ya ukarabati

Jumamosi, mwisho wa Septemba

Leo tumeigeuza. Ilikuwa imelala kifudifudi chini ya mkungu, nyuma ya nyumba ya Kocha huku Kigamboni, tangu masika. Majani yalikuwa yameifunika kiasi kwamba kuku wa jirani alipata pa kutagia uvunguni. Mayai saba. Bibi aliyatoa kwanza, akayahesabu, akampelekea mwenye kuku, ndipo akaturuhusu kushika mbao. (Ni mjane wa Kocha. Sote tunamwita Bibi, hata wenye mvi.)

Tulikuwa watu sita na tulihema. Kila Olimpiki ilipoonyeshwa kwenye televisheni, Kocha alikuwa akitukumbusha kwamba mashua ya mbio ya mtu mmoja hutakiwa isipungue kilo 14 tu, haifiki hata debe la mahindi. Hii yake hakuna aliyewahi kuipima, ila viuno vyetu sasa vinajua.

Naandika mimi kwa sababu ni mhasibu, na wenzangu wanaamini anayeweza kuandika matumizi anaweza kuandika lolote. Wapo waliochanga wakiwa Mwanza na Muscat, wana haki ya kujua pesa imeingia mbao gani. Wapo pia vijana waliojiunga juzi ambao hawakumkuta. Kwao, kwa kifupi: alikuwa mwalimu wetu wa michezo. Mpira, netiboli, riadha, wavu, vyote yeye. Lakini kabla ya yote alikuwa mtu wa makasia, mtoto wa mvuvi, na kila alfajiri alivuta kutoka ufukwe wa hapa kwenda upande wa Mjimwema na kurudi, kisha akaoga, akapanda pantoni pamoja na wachuuzi wa samaki kwenda shuleni ng'ambo. Jumamosi alitufundisha sisi. Hakutuita majina, alituita namba za jezi. Ndiyo maana humu mtakutana na Namba Sita, Namba Kumi na Golikipa, watu wazima wenye matumbo. Mimi ni Mfungaji, wa netiboli.

Wazo ni kuitengeneza mashua na kuirudisha kazini: watoto wa mtaa, Jumamosi, kuogelea kwanza, kasia baadaye. Kulikuwa na pendekezo la kombe lenye jina lake. Kulikuwa na pendekezo la fulana. Nashukuru yote mawili yalikufa kwa kukosa mchango.

Jumapili, siku iliyofuata

Fundi amekuja. Anaunda ngalawa na madau ufukweni, na ni mzee wa maneno machache. Tulipomwamkia aliitikia "Marahaba" moja kwa sisi sote, akaanza kugonga mbao kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio, toka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma.

"Hapa hai. Hapa hai. Hapa hai. Hapa maiti."

Maiti ni ubao wa pili kutoka mkukuni (ule mti wa chini kabisa), upande wa kulia, kipande cha urefu wa mkono na nusu. Unaupiga kwa kidole, kidole kinazama. Misumari kadhaa imeliwa na kutu hadi imebaki vichwa. Kalafati, pamba ya kuziba mianya ya mbao, yote imetoka, ukiangalia kwa ndani unaona mwanga kama unachungulia kwenye ukuti. Mataruma, yaani mbavu za mashua, ni mazima isipokuwa moja. Amesema itapona. Tulipomuuliza siku ngapi, akasema atamaliza itakapokwisha.

Jambo moja zuri nililolisahau: ubao wa kukanyagia miguu. Una matundu jozi tatu kila upande, ili usogezwe mbele au nyuma kulingana na urefu wa mvutaji. Jozi ya kwanza iko karibu sana na kiti, ya mtoto wa darasa la tatu au la nne. Jozi ya mwisho ni yake mwenyewe, nayo imelika hadi matundu yamekuwa mviringo wa yai. Mwalimu yule miguu ilikuwa ndiyo dini yake. "Mikono ni kamba tu," alikuwa akisema, "kinachovuta ni miguu." Na ukijisahau ukaanza kuvuta kwa mikono, alikuwa anakukanyaga kidole gumba cha mguu, polepole, mpaka ukumbuke.

Halafu makasia. Bibi aliyatoa nyuma ya mlango wa jiko. Fundi akayalaza mchangani sambamba, mashikio kwa mashikio, akanyamaza. Akayasogeza tena. Lile la mkono wa kushoto ni fupi kwa vidole vinne.

Si ubovu, wala halikuvunjika. Limekatwa kwa msumeno mwembamba, bapa, ile sehemu pana ya kusukuma maji, likarudishwa na kufungwa upya kwa kazi safi kabisa. Kwenye mti wa kasia yameonekana matundu ya zamani ya misumari, yamezibwa kwa vijiti. Alama ya kishwara, kitanzi cha kamba kinachoshika kasia, pale kiliposugua miaka yote, iko umbali uleule kutoka kwenye shikio kwa makasia yote mawili. Kwa hiyo kilichopunguzwa ni cha nje, kinachokwenda majini.

"Huyu alijua anachofanya," alisema Fundi. Ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote kwa siku ya leo.

Jumatano

Kundi la WhatsApp halijalala. Namba Sita anashikilia kwamba ni ufundi wa siri wa kupambana na mkondo wa lango la bandari. Golikipa anasema mzee alikuwa anabana mbao. Mtu wa Muscat ametuma mchoro wenye mishale ambao hakuna aliyeuelewa, pamoja na yeye. Mimi nimeomba risiti za nauli na hakuna aliyejibu.

Jumamosi, Oktoba

Buguruni, madukani kwa mbao. Kwa ubao uliooza tumepata mkangazi uliokauka vizuri. Kwa makasia Fundi alitaka mvule, Namba Kumi akasema paina. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Paina ni ya kenchi na vitanda vya bei rahisi! Namba Kumi hakukasirika, akamnyanyulia kipande cha mvule na kipande cha paina cha ukubwa uleule, akamwambia afikirie mtoto wa miaka kumi amekishika kwa nusu saa. Fundi akavipima mkononi, akavirudisha, akasema tutafute isiyo na jicho, yaani fundo la tawi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Paina inayofika Dar kutoka Mafinga ni nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, lakini ubao mrefu usio na jicho hata moja na nyuzi zilizonyooka toka mwanzo hadi mwisho ni kama kutafuta mkwe. Tulifukua rundo zima. Mwenye duka alituona wehu, akaagiza chai akakaa kututazama. Vipande viwili, 56,000.

Tumekubaliana kununua mbao tu kwa sasa. Urefu wa makasia, kama ni sawa au tofauti, utaamuliwa baadaye. Namba Sita anataka nakala halisi ya yale ya Kocha, vidole vinne na vyote.

Jumapili

Bibi ametupa madaftari. Ni yale ya kaunta, makubwa, magamba yake yamevaa mafuta ya nazi na chumvi. Kila ukurasa una namba upande wa kushoto (namba zetu!), halafu safu mbili: "Maji" na "Kasia". Hakuna aliyepata alama kwenye Kasia kabla ya kupata alama kwenye Maji. Hakuna hata mmoja. Nimekagua kurasa zote kama ninavyokagua vitabu vya wateja.

Nikasoma hadi nikajikuta nimerudi kidato cha pili. Siku ile mvulana mmoja alidai wavulana waanze kuingia mashuani, kwa kuwa kasia ni kazi ya wanaume. Kocha alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akatukalisha wote mchangani. Akasema Olimpiki ina mashindano ya makasia tangu 1900, lakini wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza 1976, Montreal. "Na sisi 1976 tulikuwa wapi?" Hakuna aliyejua. Akatueleza kwamba Tanzania haikwenda. Nchi nyingi za Afrika zilisusa, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Filbert Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu Christchurch 1974, dakika 3 sekunde 32.2, na akakosa kukimbia. Alisubiri hadi Moscow 1980, na huko akapata fedha ya kuruka viunzi na maji, mita 3000, siku zile zile ambazo Suleiman Nyambui alichukua fedha ya mita 5000.

"Kwa hiyo," alisema Kocha akijipangusa mchanga, "1976 wanawake walianza na sisi hatukuwepo kuona. Leo wasichana wanaanza, tuone."

Tukaanza sisi. Yule mvulana leo ni Golikipa wetu, mtunza vifaa wa mradi, na amenisihi nisiandike hili.

Wiki ya pili ya Novemba

Vuli imetushika. Siku tatu za mvua, kazi imesimama, turubai limevuja. Huwezi kukalafati mbao zilizolowa.

Jumamosi

Jua limetoka, Fundi ameanza kalafati, na mimi nimekaa karibu naye saa nzima bila kufanya lolote la maana.

Anasokota pamba kwa kiganja pajani hadi iwe uzi mnene kama penseli, anaichovya kwenye sifa, mafuta ya papa (harufu yake, nimefua nguo mara mbili na bado ipo), anailaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili. Halafu patasi butu na nyundo ya mti. Hapigi kwa nguvu. Tok, tok, tok, anasogea upana wa kidole. Mwanzoni sauti ni nzito, kama unapiga gunia. Anaongeza pamba. Tok, tok. Kisha ghafla sauti inabadilika, inakuwa kavu na inalia, na mashua nzima inaitikia hadi upande wa pili. Hapo anaacha, anasogea mbele. Hatazami hata kidogo, ni sikio tupu. Alinipa nyundo nijaribu. Nilipiga mapigo matano, akaichukua.

Ubao wa mkangazi umeingia, umekaa kama ulizaliwa hapo. Kesho deheni (chokaa na mafuta ya kuzuia maji) chini.

Jumapili jioni

Nimechelewa pantoni makusudi ili nizungumze na Bibi peke yetu. Nilimkuta anachambua mchele.

"Bibi, lile kasia fupi."

Hakuinua macho. "Mmelipima?"

"Fundi amelipima."

Akaendelea kuchambua, chuya huku, mchele kule. Kisha akanieleza. Kocha aliteleza kwenye mteremko wa pantoni asubuhi moja ya mvua, ana gunia la mipira begani. Bega la kushoto likatoka. "Likarudishwa, lakini halikurudi." Mkono ukawa haufiki juu ya kichwa, na akivuta kasia mashua ikawa inamgeuka, kwa kuwa mkono mmoja unasukuma na mwingine unasindikiza. Wiki chache zikapita. Usiku mmoja akaingia jikoni na msumeno. Bibi alimshikia tochi. Akakata vidole viwili, akafunga bapa, akaenda kujaribu gizani, akarudi, akakata viwili vingine.

Fundi alikuwa ameniambia mapema jinsi inavyofanya kazi, nami sikuelewa hadi hapo: kasia ni mtaimbo. Ukipunguza sehemu ya nje, mkono unapata nafuu, na bapa bado linasukuma maji kama lile la upande wa pili. Alikuwa amempa bega bovu kasia jepesi ili mashua iende sawa.

"Kwa nini hakutuambia?"

"Alisema wasijue. Mtoto akishaanza kukuonea huruma hakusikii tena."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akafikiri, akataja mwaka ambao mtoto wao wa mwisho alianza shule. Nikahesabu. Kidato cha tatu.

Sasa naomba niseme la moyoni, maana hii ni shajara na si risala ya mazishi. Kidato cha tatu ndipo mashua ilipoanza kunikatia kona. Nilikuwa nikivuta vizuri mwaka mzima uliotangulia, mara ghafla siendi sawa. Nikavuta zaidi, ikageuka zaidi. Kocha alisimama ufukweni akipiga kelele, "Mikono sawa! Mikono sawa, Mfungaji!" Nilikuwa nalala na mikono inauma. Tulipochagua jozi ya kushindana na wenzetu wa ng'ambo niliachwa. Nimelitafuta daftari la mwaka ule, na limo, kwa mwandiko wake mzuri uliolala: "Mfungaji: mkono wa kulia mzito. Azidi mazoezi."

Mkono wa kulia mzito! Nimeishi na mkono huu mzito miaka yote hii. Nimeutaja kwa mume wangu. Makasia yenyewe yalikuwa yamekatwa kwa ajili ya bega la mtu mwingine, na mwenye bega alijua.

Nimepekua kurasa zilizofuata, labda alirekebisha. Hakurekebisha.

Nilimwambia Bibi. Alicheka hadi akafunika mdomo kwa kanga, ungo ukamwagika nusu. "Hata mimi nilimwambia aseme," alisema alipopata pumzi. Tukaokota mchele pamoja, punje kwa punje, mpaka nikaikosa pantoni ya pili. Nampenda Kocha. Hapo alituonea.

Jumanne

Kikao cha makasia, kwa simu. Namba Sita alisema nakala halisi ndiyo kumbukumbu yenyewe, vidole vinne vina historia, watoto wataelezwa. Aliongea vizuri na karibu apate kura. Golikipa akamuunga mkono. Nikamwomba Bibi aje kwenye simu.

"Watoto hao wana mabega mangapi mabovu?" aliuliza.

Kimya.

"Basi wachongeeni makasia sawa. Lile fupi nirudishieni, nina kazi nalo."

Namba Sita alipendekeza litundikwe ukutani sebuleni, kwenye fremu. Bibi alikuwa ameshakata simu.

Ijumaa, hesabu

Zimeingia 1,480,000. Fundi 400,000, mkangazi 120,000, paina 56,000. Pamba, sifa, chokaa ya deheni na misumari isiyoshika kutu, jumla 138,500. Chakula na usafiri 167,000, na nina maswali kuhusu kuku wawili. Jaketi okozi sita, 510,000. Ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo ambayo hatukubishania. Enzi zetu Kocha alitufunga madumu matupu ya lita tano kiunoni kwa kamba, yalikuwa yanakugonga mbavu kila ukivuta, na hakuna aliyezama. Hata hivyo, hapana. Zimebaki 88,500.

Jumamosi, mwezi mpevu

Bamvua, siku za maji makubwa. Tulipanga kwa maji, si kwa saa, lakini hapa Dar maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, kwa hiyo hata wa mjini walifika kwa wakati. Waliokuja kwa daraja walikwama Kurasini. Waliokuja kwa pantoni walifika kabla yao, na hawataacha kulisema.

Magogo matatu ya mnazi chini, watu kumi pembeni, na Fundi mbele ametuonyesha mgongo, akipunga mkono mmoja tu. Mashua iliingia majini bila kelele. Nilitegemea kupiga vigelegele, lakini Bibi alikuwa ameinama akitazama ndani, na sisi tukainama. Maji yalikuwa yanaingia. Si tone, yalikuwa yanatembea.

Namba Kumi alishika kichwa. Fundi hakusogea. "Mbao zina kiu. Zimekaa nje tangu masika." Akamkabidhi mtoto aliyekuwa karibu dumu lililokatwa, akamwambia afue maji, ayamwage nje. Baada ya nusu saa mtoto alikuwa anafua taratibu zaidi, na kufikia magharibi alikuwa akikaa kati ya dumu moja na jingine. Italala majini siku mbili, mbao zivimbe, kisha zitafunga zenyewe.

Watoto walikuja tisa. Wanne tu walivuka kutoka nguzo hadi nguzo kwa kuogelea bila kugusa chini, watano wakarudishwa kwenye kina cha kiuno na Golikipa, wakilia. Daftari jipya limeanza, safu zilezile mbili. Wa kwanza kushika kasia ni binti wa darasa la sita. Aliweka ubao wa miguu kwenye jozi ya pili ya matundu bila kuelekezwa, akavuta, akakosa maji, akaanguka chali. Akavuta tena. Mashua ikaenda, imenyooka, hadi kwenye boya na kurudi.

Nilisubiri watoto wamalize. Nikaingia. Mkoba nilimpa Bibi, viatu nilimpa Namba Sita. Mapigo ishirini kwenda, ishirini kurudi, jua likiwa nyuma ya majengo ya Kivukoni. Mstari ulionyooka.

Mkono wangu wa kulia hauna tatizo lolote. Iandikwe.

Jumatatu

Nilipita kwa Bibi kurudisha turubai. Mashua imefunga, ndani kuna maji ya kikombe. Kinachohitajika bado: vishwara vya akiba, kopo la pili la kufulia maji, na mtu wa kuzungumza na mwenye kuku, ambaye ameanza kudai tulimhamisha kuku wake.

Kasia fupi nimeliona. Liko uani, limesimamishwa wima, bapa chini, na kwenye shikio lake lililong'arishwa na kiganja cha Kocha pamewekwa kamba ya nguo. Kamba ile ilikuwa ikilegea katikati na shuka zikifagia mchanga. Bibi anasema sasa imekaa kimo chake, lile refu lingezidi.